Macho Juu ya Mikoko: Ndege-Mashua za Delta ya Rufiji, 1914–1915

Katika historia ya ndege za kivita, delta ya Rufiji, ambayo kwa sehemu kubwa imo leo katika Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, ina nafasi kubwa kuliko inavyopewa katika vitabu vingi, kwa kuwa kati ya Novemba 1914 na Julai 1915 Waingereza walileta hapo, moja baada ya nyingine, aina kadhaa za ndege zilizoweza kuruka kutoka majini, na nyingi kati ya hizo zilishindwa na joto, chumvi na mvua kabla ya kushindwa na risasi. Mazungumzo haya yanahusu ndege hizo, hasa ile ya mwanzo kabisa, na yanajaribu kupima ni kwa kiasi gani chombo hicho kilistahili kuitwa ndege ya mapambano.

Ni vyema kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Ndege-mashua ni ndege ambayo kiwiliwili chake chenyewe ni mashua, yaani rubani huketi ndani ya ganda la mbao linalokaa juu ya maji, mabawa yakiwa juu yake, na katika miundo ya mwanzo injini hufungwa katikati ya mabawa, rafadha yake ikisukuma hewa kuelekea nyuma. Ndege ya maboya ni kitu kingine: hiyo ni ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu na kuvishwa maboya mawili au matatu, na kiwiliwili chake hakigusi maji. Ndege ya kwanza ya maboya ilirushwa na Mfaransa Henri Fabre mwezi Machi 1910, na ndege-mashua iliyofaa kwa kazi ilitengenezwa na Mmarekani Glenn Curtiss mwaka 1912. Curtiss aligundua kwamba ganda lenye tumbo laini moja kwa moja hunata kwenye maji na kukataa kupaa, akakata kidato chini yake ili hewa ipenye na maji yaachie. Kidato hicho kilisaidia sana, lakini hakikumaliza tatizo, kwa sababu maji yaliyotulia bila hata kiwimbi huendelea kulishika ganda, nayo maji ya aina hiyo hupatikana kwa wingi nyuma ya visiwa na ndani ya milango ya Rufiji wakati wa alfajiri, saa zile zile ambazo hewa bado ina ubaridi na injini ina nguvu. Hivyo rubani alipaswa kuchagua kati ya hewa nzuri na maji mabaya, au maji mazuri na hewa mbaya.

Kilichozileta ndege hizo Rufiji ni manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu kwa sababu ya mabomba yake matatu ya moshi. Chini ya nahodha Max Looff meli hiyo ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, na vita vilipoanza iliikamata meli ya biashara City of Winchester upande wa Omani mwezi Agosti, kisha asubuhi ya tarehe 20 Septemba ikaishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa bandarini Zanzibar na kuizamisha. Mabaharia waliokufa walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Baada ya hapo Königsberg, yenye matatizo ya mitambo na uhaba wa makaa ya mawe, iliingia katika delta na kujificha karibu na Salale. Sehemu za mitambo yake zilizohitaji kufuliwa upya zilivutwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika hadi karakana za Dar es Salaam, zikarudishwa kwa njia ile ile, kazi ambayo katika vitabu vya kizungu husifiwa kama ustadi wa wahandisi bila kutaja migongo iliyoibeba.

Delta yenyewe ilikuwa ngome. Mikoko yake, inayofunika zaidi ya hekta 50,000 na kuwa msitu mkubwa wa mikoko usiokatika katika Afrika Mashariki, imesimama kwa safu ambazo wakata boriti wa Nyamisati, Salale na Mbwera huzijua kwa majina: mkaka na msinzi kwenye tope la kina, mkandaa na mchu kuelekea nchi kavu. Kati ya safu hizo mto hugawanyika kuwa mikono mingi inayopishana na kuungana, baadhi ikiwa na maji ya kutosha manowari wakati wa bamvua tu, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na kukauka karibu kabisa siku nyingine. Wajerumani walijua ni mikono ipi inapitika. Waingereza walikuwa na ramani zilizoonyesha kwamba hakuna meli kubwa inayoweza kuingia. Manowari Chatham ya nahodha Drury-Lowe iliigundua Königsberg mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini kutoka baharini kilichoonekana kilikuwa ncha za milingoti tu juu ya miti, nazo zilifungiwa matawi na makuti zisitofautike na msitu. Waingereza walizamisha meli ya makaa ya mawe Newbridge katika mlango wa Suninga tarehe 10 Novemba ili kuziba njia, kisha wakakaa nje bila kujua kama adui yupo palepale au amehamia mkono mwingine, maana mizinga yao haikumfikia na mahali pa kulenga hapakuonekana.

Hapo ndipo ndege-mashua ilipoitwa. Durban, Afrika Kusini, kulikuwa na rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege-mashua mbili za Curtiss zenye injini za nguvu farasi 90, ambazo mpaka wakati huo kazi yao ilikuwa kuwafurahisha watazamaji ufukweni. Cutler alipewa cheo katika kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, akapakiwa pamoja na ndege yake katika meli Kinfauns Castle, na katikati ya Novemba akashushwa katika kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, kisiwa ambacho wavuvi wa delta walikitumia kwa dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi. Hakuwa na bunduki ndani ya ndege wala mabomu ya maana, na katika safari yake ya kwanza tarehe 19 Novemba hakuwa hata na dira. Mawingu yalimficha, akapoteza mwelekeo, akatua kwenye kisiwa kingine na kuokotwa na wenzake kwa bahati. Tangi la kupoza maji ya injini lilivuja kwa joto, na badala yake ikatafutwa Mombasa radieta ya gari la Ford na kufungwa kwenye ndege, jambo linaloonyesha vizuri kuliko maelezo marefu jinsi teknolojia hiyo ilivyokuwa bado changa.

Tarehe 22 Novemba Cutler aliruka tena na kuiona Königsberg, ikiwa ndani kabisa ya mto, umbali ambao mizinga ya meli zilizoko baharini haikuweza kuufikia. Alipotua, ganda la mashua yake lilipasuka. Kinfauns Castle ilirudi hadi Durban kuchukua ganda la ndege ya pili, na mwanzoni mwa Desemba nahodha wa meli hiyo, Crampton, aliketi mwenyewe kando ya rubani ili athibitishe kwa macho ya mtu wa manowari kile ambacho raia alikuwa amesema. Uthibitisho huo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa maafisa wengi wa zama zile hawakuamini taarifa ya mtu aliyeko angani mpaka iletwe na mmoja wao. Siku chache baadaye, katika safari ya peke yake, injini ya Cutler ilishindwa, akashuka mtoni na kutekwa na askari wa Kijerumani waliokuwa wamejichimbia ukingoni. Tagi ya Waingereza, Helmuth, iliingia mlangoni chini ya risasi, na baharia kijana aitwaye Gallehawk akaifunga kamba ndege ile na kuivuta hadi baharini. Ndege iliokolewa, rubani alibaki mateka.

Kazi yote ya ndege-mashua ya Cutler, kwa hiyo, ilidumu chini ya wiki nne, na ndani ya muda huo iliruka mara chache tu. Hata hivyo ni vigumu kukubaliana na wanaoiona kuwa mchezo wa kuigiza uliotangulia kazi halisi. Kabla ya Cutler, Waingereza walikuwa na tetesi. Baada yake walikuwa na mahali, na wakajua pia kwamba mahali hapo hubadilika, kwa kuwa Looff alikuwa akiihamisha manowari yake kila alipohisi ameonekana. Walijifunza kwamba kuiona mara moja hakutoshi, na kwamba anayetaka kuipiga lazima awe na jicho juu yake wakati uleule mzinga unapolia.

Jicho hilo lilitafutwa kwa miezi saba. Mwezi Februari 1915 rubani John Cull aliwasili Nyororo na ndege mbili za maboya aina ya Sopwith. Hizo zilikuwa mpya kuliko ya Cutler, lakini zilikuwa zimeundwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Kanuni inayohusika hapa ni rahisi: hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo bawa hupata mnyanyuo mdogo, rafadha hupata kishiko kidogo, na injini inayovuta hewa hiyo hiyo kuchoma mafuta hutoa nguvu pungufu, na mambo hayo matatu hutokea kwa pamoja. Sopwith zilikataa kupaa zikiwa na mtazamaji na mabomu, na mara nyingine hata rubani peke yake alizunguka majini mpaka injini ikachemka. Ubaya zaidi ulitoka kwenye mbao. Rafadha za wakati huo zilitengenezwa kwa tabaka za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo ililegea kwa joto na unyevu wa Nyororo, tabaka zikaachana. Fundi yeyote wa mitumbwi wa Kibiti au Mafia angeweza kuwaambia kwamba mbao iliyoungwa kwa gundi haikai juani kandokando ya maji ya chumvi bila kuachia, na kwamba ndiyo sababu jahazi hupigiwa misumari na kukalafatiwa. Lakini haielekei kwamba mtu aliwahi kuulizwa.

Mwezi Aprili, masika yakiwa yameshaanza, zililetwa ndege tatu za maboya aina ya Short, zenye mabawa yanayokunjwa ili ziweze kupakiwa melini. Hizo angalau zilibeba watu wawili. Tarehe 25 Aprili Cull aliruka juu ya delta akiwa chini ya mita 300, maana ndege haikuweza kupanda zaidi, na picha za Königsberg zilipigwa, zikionyesha kwamba imepakwa rangi upya na iko katika hali nzuri. Urefu huo ni sawa na kumpita mpiga bunduki hodari uso kwa uso. Chini yake kulikuwa na kikosi kilichoitwa cha Delta, kilichoongozwa na afisa mstaafu wa majini aitwaye Schönfeld, chenye askari wa Kiafrika na mabaharia waliotawanywa katika mahandaki ya ukingoni, na walinzi waliokaa juu ya vilele vya miti wakiwa na nyaya za simu zilizopitishwa msituni. Ndege ilirudi ikiwa imepigwa risasi. Waliokuwa juu walikuwa wakitazamwa pia, na mara nyingi walionekana kabla hawajaona.

Uamuzi uliofuata ndio wenye mafunzo makubwa kwa anayefuatilia historia ya ndege hizi. Waingereza waliacha maji. Kisiwa cha Mafia walikuwa wamekiteka tangu Januari 1915, na hapo ukafyekwa uwanja wa ndege. Mwezi Juni zikashushwa ndege nne za magurudumu, mbili aina ya Caudron na mbili aina ya Henri Farman, zote za Kifaransa kwa muundo. Ndege isiyobeba mashua wala maboya ni nyepesi, hupaa kwa urahisi na hufika juu ambako risasi za bunduki hazifiki. Hasara yake ni kwamba injini ikizimika katikati ya mlango wa bahari wa Mafia rubani hana pa kutua isipokuwa majini, kwa chombo kisichojua kuelea. Marubani walikubali hatari hiyo, na mbili kati ya nne ziliharibika katika mazoezi kabla ya siku yenyewe kufika, ikabaki moja ya kila aina.

Pamoja na ndege hizo zilikuja kutoka Malta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Meli za namna hiyo, ambazo kwa lugha ya mabaharia huitwa monita, zina mizinga mizito juu ya tumbo pana lisilozama hata mita mbili majini; hizi zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili na zikanunuliwa na Waingereza vita vilipokaribia. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mlango wa kaskazini wa delta na kupiga kwa masaa mengi juu ya msitu, zikielekezwa na mtazamaji wa angani aliyetuma alama za Morse kwa simu ya upepo, yaani mawasiliano ya redio yasiyo na waya. Meli zote mbili zilipopiga kwa wakati mmoja mtazamaji hakuweza kujua kombora lipi limetoka wapi, na sahihisho lililokusudiwa Severn likafuatwa na Mersey. Königsberg, iliyokuwa na walinzi wake miti juu, ilijibu kwa usahihi zaidi na kuijeruhi Mersey vibaya, na jioni Waingereza wakatoka.

Walirudi tarehe 11 Julai na utaratibu uliorekebishwa: meli moja ipige kwanza, nyingine inyamaze. Angani walikuwa Cull na mtazamaji wake Arnold katika ndege ya Henri Farman. Severn ilitia nanga, Arnold akawa anatuma masahihisho, mbele kidogo, kushoto kidogo, mpaka makombora yakaanza kuangukia sitaha ya manowari iliyofichika. Hapo mzinga wa Wajerumani uliipata ndege, injini ikafa, na Cull akaanza kuishusha polepole kuelekea mto kwa mabawa matupu. Arnold aliarifu kwamba wamepigwa na kuomba mashua, kisha katika dakika zile za kushuka akaendelea kutuma masahihisho mpaka mwisho, na Severn ikawa inapiga kwa kufuata sauti ya mtu anayeanguka. Ndege iligeuka kifudifudi ilipogusa maji karibu na Mersey. Cull alinaswa chini ya maji na mkanda wake, akajing'oa, na wote wawili wakaokolewa. Muda mfupi baadaye Looff, meli yake ikiwaka, aliamuru ilipuliwe na kuzamishwa palepale. Mabaki yake yaliendelea kuonekana juu ya maji kwa miongo kadhaa, mpaka tope la Rufiji lilipolimeza gofu lote.

Swali la ndege ya mapambano linaweza sasa kujibiwa kwa uwazi zaidi. Ndege ya mapambano kwa maana kamili ni ile inayoundwa ili kuziangusha ndege nyingine, na katika delta hakukuwa na ndege ya kuangusha: koloni zima la Wajerumani lilikuwa na rubani mmoja mashuhuri, Bruno Büchner, aliyeletwa Dar es Salaam na ndege yake kwa ajili ya maonyesho ya 1914, na hakukutana angani na Cutler wala Cull. Ndege-mashua iliyokuwa mpiganaji kweli ilizaliwa kwingine, katika bahari ya Adria kati ya Italia na Austria-Hungaria, ambako mwaka 1915 Waitalia waliteka ndege-mashua ya Kiaustria aina ya Lohner, wakainakili, na kutokana nayo kiwanda cha Macchi kikaunda hatua kwa hatua ndege ya mtu mmoja iliyoitwa M.5, yenye bunduki mbili za rashasha. Upande wa pili rubani Gottfried von Banfield aliilinda Trieste kwa ndege-mashua ndogo ya Hansa-Brandenburg. Tarehe 21 Agosti 1918, karibu na Pola, Mmarekani Charles Hammann alitua na Macchi yake baharini kumwokoa mwenzake aliyeangushwa, akampakia kwenye ndege hiyo ya kiti kimoja na kupaa naye, jambo ambalo ndege ya magurudumu isingeweza kulifanya kamwe. Tofauti kati ya Adria na Rufiji haikuwa ushujaa wa marubani, maana Cutler akiruka bila dira juu ya mikoko asiyoijua hakuwa na upungufu wa ujasiri. Ilikuwa viwanda vilivyo karibu, vipuri vinavyofika kesho yake, na hali ya hewa ambayo mbao na gundi vilizoea.

Königsberg ilipozama Wajerumani hawakukubali mizinga yake izame nayo. Yote kumi ilitolewa mtoni, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuwekwa juu ya magurudumu, na kwa miaka miwili iliyofuata ikavutwa na wapagazi na askari katika kampeni ya nchi kavu ya kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck. Mmojawapo umesimama leo Fort Jesus mjini Mombasa. Mwingine ulipelekwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ukaifanya kuwa chombo chenye nguvu kuliko vyote katika Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo katikati ya 1916 ndege za maboya zikatafuta tena mzinga wa Königsberg, safari hii zikiwa ndege za Short zilizotolewa na Waingereza na kurushwa na Wabelgiji kutoka upande wa Kongo, ambazo ziliruka juu ya ziwa na kudondosha mabomu Kigoma. Götzen haikuzamishwa na mabomu hayo. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 mitambo ikiwa imepakwa grisi, na ndiyo meli iliyokuja kuibuliwa na kuitwa Liemba. Wakati Wabelgiji wakiipiga, mzinga waliouogopa ulikuwa umekwisha ng'olewa kwa amri ya Lettow-Vorbeck na kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu, na kilichoonekana sitahani kutoka angani kilikuwa gogo lililochongwa kwa umbo la mzinga.